Tabibu wa Wanyama Wasio na Wenyewe: Huduma Nafuu ya Kufunga Uzazi wa Mbwa na Paka, na Faida Yake kwa Afya ya Binadamu

Utangulizi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao wakiwa Asia na Afrika. Katika visa 99 kati ya kila 100 vinavyowapata binadamu, virusi huwa vimetoka kwa mbwa. Kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wasiozidi umri wa miaka 15. Ugonjwa huu una chanjo, na mtu aliyeumwa akihudumiwa mapema hupona. Lakini dalili zikishajitokeza, hospitali haina tena la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso.

Kwa sababu hiyo, si ajabu jarida la afya ya binadamu kufungua kurasa zake kwa kazi ya daktari wa wanyama. Mhudumu wa zahanati humwona mtoto baada ya kung'atwa. Daktari wa wanyama humwona mbwa kabla hajang'ata, na pengine hata kabla hajazaliwa. Makala haya yanaeleza tawi moja la fani hiyo lisilojulikana sana kwetu, yaani utabibu wa makao ya wanyama, pamoja na huduma ya gharama nafuu ya kufunga uzazi wa mbwa na paka iliyokua sambamba nalo. Tutaangalia jinsi taaluma hii ilivyozaliwa, jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, faida na mipaka yake, na mambo ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuyazingatia.

Taaluma ilivyozaliwa

Makao ya wanyama ni mahali wanapopelekwa mbwa, paka na wanyama wengine waliopotea, waliotelekezwa au walionyang'anywa wenyewe kwa sababu ya ukatili. Marekani ni miongoni mwa nchi zilizoanza mapema kuyajenga, lakini mwanzo wake haukuwa wa huruma. Katika karne ya 19 jiji la New York liliwazamisha mbwa wazururaji katika mto East River, wakiwa wamefungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Mwaka 1866 Henry Bergh alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kinachojulikana kwa kifupi kama ASPCA. Mwaka 1894 chama hicho kilipokea jukumu la kuwakamata na kuwatunza wanyama wazururaji wa jiji hilo, jukumu kilichokaa nalo kwa karne nzima, hadi mwaka 1994.

Kwa sehemu kubwa ya muda huo, daktari wa wanyama alikuwa nadra kuonekana makaoni. Wanyama waliingia kwa wingi, wakachanganywa, wakaambukizana, na nafasi ilipokwisha wakauawa ili kuwapisha wengine. Katika miaka ya 1970 makadirio ya wanyama waliouawa katika makao ya Marekani yalikuwa kati ya milioni 12 na milioni 20 kwa mwaka. Vyuo vya udaktari wa wanyama viliwafundisha wanafunzi kumtibu ng'ombe wa mfugaji, farasi wa tajiri na mbwa wa mteja anayelipa. Mnyama asiye na mwenyewe hakuwa na somo lake.

Katika mazingira hayo ndipo alipoingia Dkt. Lila Miller. Alihitimu udaktari wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1977, akiwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza Wamarekani wenye asili ya Afrika kuhitimu fani hiyo chuoni hapo. Mwaka huohuo alianza kazi ASPCA, katika makao ya Brooklyn. Kazi ya namna hiyo haikuwa na heshima kubwa miongoni mwa wenzake wa taaluma: mshahara ulikuwa mdogo, wagonjwa walikuwa wengi kupita kiasi, na hakukuwa na kitabu cha kurejea. Miller hakuiacha. Aliitumikia kwa miongo kadhaa, akishughulika na taratibu za kumpokea mnyama, kumkagua, kumchanja na kumtenga, mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida.

Mwaka 1999 yeye na Dkt. Janet Scarlett walifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell kozi ya kwanza ya utabibu wa makao ya wanyama. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilianzisha mafunzo ya ubingwa wa fani hii, na mwanafunzi wake wa kwanza, Dkt. Kate Hurley, akaja kuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 2004 Miller alikuwa mmoja wa wahariri wawili wa kitabu cha kiada kwa madaktari na watumishi wa makao, na mwaka 2010 chama cha madaktari wa makao ya wanyama kikachapisha mwongozo wa viwango vya matunzo. Hatimaye, mwaka 2014, fani hii ilitambuliwa rasmi nchini humo kuwa ubingwa unaojitegemea. Tangu kozi ya kwanza hadi kutambuliwa kwa ubingwa ilipita miaka 15 tu, jambo linaloonyesha jinsi hitaji lilivyokuwa kubwa.

Tabibu wa mmoja na tabibu wa kundi

Daktari wa kliniki ya kawaida humtazama mgonjwa mmoja mmoja. Daktari wa makao humtazama mnyama mmoja huku jicho lake la pili likiwa kwa wote waliobaki. Mwuguzi aliyewahi kuhudumu katika wodi ya watoto wakati wa surua, au katika kambi ya kipindupindu, ataielewa hali hii mara moja. Swali haliwi tu, "Mgonjwa huyu ana nini?" bali pia, "Je, alichonacho kitamfikia nani kabla ya jioni?"

Nguzo ya kwanza ya kazi hiyo ni chanjo mlangoni. Mbwa na paka wanaoingia makaoni huchanjwa wakati uleule wa kupokewa, hata kama wana mafua madogo au ni wajawazito, kwa kuwa hatari ya kuambukizwa ndani ya makao huwa kubwa kuliko hatari ya chanjo. Magonjwa yanayoogopwa zaidi ni parvo na distempa kwa mbwa, na panleukopenia kwa paka. Mnyama akichelewa kuchanjwa kwa siku mbili tatu, huenda akawa tayari amekutana na kirusi.

Nguzo ya pili ni kutenganisha. Wadogo hawachanganywi na wakubwa, wagonjwa hawachanganywi na wazima, na mhudumu huanza usafi kwa watoto wazima na kumalizia kwa wagonjwa, wala harudi nyuma. Kirusi cha parvo huweza kuishi katika mazingira kwa miezi mingi na hakifi kwa kila dawa ya kutakasa. Hivyo uchaguzi wa dawa, kipimo chake na muda wa kuiacha juu ya sakafu kabla ya kusuuza ni sehemu ya tiba, si kazi ya kuachiwa mfagiaji bila maelekezo. Uchafu wa kinyesi huondolewa kwanza kwa sabuni na maji, kwa sababu klorini hupoteza nguvu panapokuwa na uchafu.

Nguzo ya tatu ni kuheshimu uwezo wa nyumba. Makao yenye vyumba 50 na wahudumu wanne hayawezi kuwatunza wanyama 120, hata nia ikiwa njema namna gani. Msongamano huzaa hofu, hofu hupunguza kinga ya mwili, maradhi hufuata, na siku za kukaa huongezeka. Zinapoongezeka, msongamano nao huzidi. Daktari mzuri wa makao hupigana na mzunguko huo kwa kufupisha siku za kila mnyama kukaa, ili apate upesi nyumba ya kumlea au arudishwe kwa mwenyewe. Wakuu wa hospitali za binadamu wanaohesabu vitanda na siku za kulazwa watalitambua somo hilo.

Hata hivyo nguzo zote hizo hushughulika na walioingia tayari. Bomba likiwa wazi, kuukausha mtungi kwa kikombe ni kazi isiyokwisha. Ndipo madaktari wa fani hii wakalazimika kushughulikia chanzo chenyewe, yaani uzazi.

Upasuaji wenyewe

Kufunga uzazi kwa dume ni kuhasi, yaani kuondoa korodani zote mbili. Kwa jike ni kuondoa ovari zote mbili, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Upasuaji wa jike ni mkubwa zaidi kwa kuwa hufungua tumbo. Wa dume haulifungui. Yote miwili hufanywa mnyama akiwa amelala kwa nusukaputi, akiwa amepewa dawa za maumivu kabla ya kisu kugusa ngozi.

Mimba ya mbwa na ya paka huchukua takriban siku 63. Paka jike huweza kupata joto lake la kwanza akiwa na umri wa miezi minne au mitano, na huweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kwa sababu hiyo, paka wa nyumbani hushauriwa kufungwa uzazi kabla hajatimiza miezi mitano. Katika makao, watoto wa mbwa na paka wenye afya hufanyiwa upasuaji mapema zaidi, hata wakiwa na wiki sita hadi nane, ili asitoke mnyama akaenda kuzaa huko aendako. Wadogo hao huhitaji uangalizi wa pekee: hawafungishwi kula kwa saa nyingi kwa sababu sukari ya damu yao hushuka upesi, na hufunikwa wapate joto kwa sababu miili yao hupoa haraka.

Gharama hushukaje bila usalama kushuka?

Huduma nafuu haikuanza jana. Jiji la Los Angeles lilifungua kliniki yake ya kwanza ya gharama nafuu mwaka 1971. Tangu hapo madaktari wamejifunza kwamba bei hushuka kwa kupanga kazi vizuri, wala si kwa kupunguza dawa au kuacha kutakasa vifaa.

Katika kliniki ya aina hii daktari mmoja hufanya upasuaji tu, mmoja baada ya mwingine, huku wasaidizi waliofunzwa wakipima uzito, wakitoa dawa ya usingizi chini ya usimamizi wake, wakinyoa manyoya na kusafisha ngozi, na wengine wakiwaangalia wanaozinduka. Daktari mzoefu humaliza paka dume kwa dakika chache tu, na huweza kuwahudumia wanyama 30 au zaidi kwa siku. Kodi ya jengo, umeme na mishahara hugawanywa kwa wengi, na hapo ndipo bei ya kila mmoja inapopungua.

Mbinu nazo husaidia. Mkato mdogo hupona haraka na hutumia uzi kidogo. Uzi unaoyeyuka, ukishonwa chini ya ngozi, humwondolea mwenye mnyama safari ya kurudi kutolewa nyuzi, na kwa familia inayotembea saa mbili kwa miguu safari hiyo ni gharama kubwa. Jike aliyefungwa uzazi huchorwa mstari mdogo wa rangi ya kijani karibu na kovu, ili asije akafunguliwa tumbo tena bure siku za usoni. Paka wa mitaani hukatwa ncha ndogo ya sikio moja akiwa usingizini, na alama hiyo huonekana kwa mbali.

Yapo mambo yasiyopunguzwa. Kila mnyama hupata vifaa vyake vilivyotakaswa kwa mvuke. Kila mnyama hukaguliwa na daktari kabla ya kulazwa usingizi. Kila mnyama hupewa dawa ya maumivu. Kliniki inayotumia seti moja ya vifaa kwa mbwa watano, au inayofanya upasuaji bila dawa ya maumivu kwa kisingizio cha bei, haitoi huduma nafuu. Inatoa huduma mbovu, na mwenye mnyama ana haki ya kuuliza na kukataa. Wingi wa kazi peke yake hauleti hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya kliniki kubwa ya Florida, uliohusisha mbwa na paka zaidi ya 110,000, ulikuta vifo takriban vitatu kwa kila wanyama 10,000. Mkono unaofanya kazi moja kila siku hupata uzoefu, na uzoefu ni sehemu ya usalama.

Faida, mipaka na dhana potofu

Jike aliyeondolewa ovari na mji wa mimba hapati usaha katika mji wa mimba, ugonjwa unaowaua mbwa wengi wa makamo ambao hawakufungwa uzazi. Akifanyiwa kabla ya joto la kwanza, uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti hupungua. Dume aliyehasiwa hapati saratani ya korodani, na mara nyingi hupunguza kuzurura kutafuta majike. Mbwa wanaojamiiana ovyo mitaani huambukizana pia uvimbe wa sehemu za siri unaotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia ya kujamiiana. Uvimbe huo hutibika kwa dawa ya vinkristini, dawa ileile inayotumika katika wodi za saratani za binadamu, lakini kuuzuia ni rahisi zaidi.

Mipaka nayo isemwe wazi. Tafiti zimeonyesha kwamba baadhi ya mbwa wa mbegu kubwa, wakifungwa uzazi mapema mno, huwa na hatari zaidi ya matatizo ya viungo na ya kano za goti. Mwenye mbwa wa namna hiyo azungumze na daktari kuhusu umri unaofaa. Mnyama aliyefungwa uzazi huhitaji chakula kidogo zaidi, la sivyo hunenepa. Tena kuhasi hakuwi dawa ya ukali wote: mbwa anayeng'ata kwa hofu, au aliyefungwa mnyororo mchana kutwa na kupigwa, hatakuwa mpole kwa sababu tu ya upasuaji.

Dhana potofu mbili husikika mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba jike anapaswa kuzaa walau mara moja ndipo awe na afya. Hakuna ushahidi wa kitabibu unaounga mkono jambo hilo. Ya pili hutoka upande wa watetezi wenyewe, wanaodai kwamba paka mmoja na uzao wake huweza kufikia mamia ya maelfu kwa miaka michache. Hesabu hiyo husahau vifo. Watoto wengi wa paka wa mitaani hufa kabla ya kufikia miezi sita. Ukweli huo hauhitaji kutiwa chumvi, kwa maana watoto kuzaliwa na kufa katika mitaro na majalala ni sababu tosha ya kutaka wachache zaidi wazaliwe.

Kwa nini kuua hakutoshi?

Katika miji yetu mingi, malalamiko ya mbwa wazururaji yakizidi, jibu la kwanza huwa bunduki au sumu. Ni jibu linaloeleweka, hasa mtoto anapokuwa ameumwa, lakini halijafaulu kukomesha kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulipoingia katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mwishoni mwa miaka ya 1990, mbwa wengi sana waliuawa na ugonjwa ukabaki. Ulipoingia Bali mwaka 2008, mauaji ya mbwa hayakuuzuia kuenea kisiwa kizima. Visa vilipungua baada ya chanjo ya mbwa kutolewa kwa wingi kote kisiwani kuanzia mwaka 2010.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mbwa wakiuawa, chakula kilichokuwa majalalani hubaki palepale, na waliosalia au wanaohamia huzaa na kujaza pengo. Waliouawa huwa pamoja na waliokwisha kuchanjwa, na hivyo kinga ya kundi huanguka. Wenye mbwa huwaficha au kuwahamishia kijiji kingine, na ugonjwa husafiri nao. Zaidi ya hayo, mwananchi aliyeona mbwa wake akipigwa risasi hatamleta mbwa wa pili kwenye chanjo.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na sehemu ya ushahidi wake imetoka hapa Tanzania. Katika wilaya ya Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza katikati ya miaka ya 1990, na kuongozwa kitaalamu na Dkt. Sarah Cleaveland na wenzake, zilifikia takriban theluthi mbili ya mbwa. Visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, na idadi ya watu waliohitaji tiba baada ya kuumwa ikashuka. Lengo linalokubalika kimataifa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na kufikia mwaka 2030 kusiwe na kifo cha binadamu kinachotokana na kichaa cha mbwa.

Kufunga uzazi, basi, kunaingia wapi? Hakuchukui nafasi ya chanjo. Fedha zikiwa chache kiasi cha kutosha jambo moja tu, chanjo ndiyo itangulie. Lakini asilimia 70 ya leo si asilimia 70 ya mwakani, kwa sababu waliochanjwa hufa na watoto wasiochanjwa huzaliwa. Mahali ambapo uzazi umepungua, kinga hiyo hudumu zaidi. Mji wa Jaipur, India, ni mfano mzuri. Kuanzia mwaka 1994 mbwa wa mitaani walikamatwa, wakafungwa uzazi, wakachanjwa na kurudishwa palepale walipotoka. Baada ya takriban miaka minane idadi ya mbwa katika eneo la mradi ilikuwa imepungua kwa asilimia 28, na visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu wa eneo hilo vilikuwa vimekoma. Kwa upande wetu, Kenya ina chama cha KSPCA kinachotoa huduma za namna hii kwa wasio na uwezo, na madaktari wa wanyama wanaofunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wana ujuzi wa msingi unaohitajika.

Mzigo usioonekana

Haifai kuisifu taaluma hii bila kutaja gharama yake kwa wanaoifanya. Daktari wa makao huokoa asubuhi na mchana hulazimika kumwua kwa sindano mnyama asiyetibika, na wakati mwingine aliye mzima lakini aliyekosa nafasi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliochunguza vifo vya madaktari wa wanyama kati ya mwaka 1979 na 2015 walikuta kwamba madaktari wa kike walikuwa na uwezekano wa kufa kwa kujiua mara 3.5 ya watu wengine nchini humo, na wa kiume mara 2.1. Wahudumu wa afya ya binadamu waliopitia milipuko na uhaba wa vitanda wanaufahamu uchovu huu wa huruma. Dalili zake ni kukosa usingizi, ubaridi wa moyo, hasira za ghafla na kuona kwamba kazi haina maana. Anayeziona ndani yake azungumze na mwenzake anayemwamini na atafute ushauri wa mtaalamu wa afya ya akili, wala asione haya.

Hapa pia huduma ya kufunga uzazi ina maana pana. Leo makadirio ya wanyama wanaouawa makaoni Marekani yameshuka chini ya milioni moja kwa mwaka. Kufunga uzazi si sababu pekee, kwa maana watu pia wamekubali zaidi kulea wanyama wa makaoni. Lakini kila mimba isiyotakiwa inayozuiwa ni uamuzi mmoja mchungu ambao daktari hatalazimika kuufanya.

Mambo ya kuzingatia

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au mnyama mwingine anayeshukiwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe udongo, kahawa, mafuta ya taa wala majani. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo, kwa sababu dalili huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kujitokeza na utulivu wa muda huo hudanganya. Mate ya mnyama yakiingia machoni, mdomoni au katika kidonda, hatari ni ileile ya kuumwa.

Mhudumu wa afya aanze chanjo bila kusubiri habari za mnyama, akague kinga ya pepopunda, na kwa jeraha linalotoa damu atafute pia kingamwili za kichaa cha mbwa, ambazo huingizwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Ujauzito na kunyonyesha si kizuizi cha chanjo hii. Mgonjwa aelezwe tarehe za dozi zote na umuhimu wa kuzikamilisha, kwa kuwa wengi huacha njiani kwa ajili ya nauli. Mnyama akipatikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima kwa siku zote hizo, daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Akifa, kichwa chake kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara. Ofisi ya mifugo ya wilaya ijulishwe bila kuchelewa. Simu hiyo moja kutoka zahanati huweza kuwakinga watoto wa mtaa mzima.

Mwenye mbwa au paka achanje mnyama wake dhidi ya kichaa kila inapotakiwa, hata kama ni mdogo wa chini ya miezi mitatu wakati wa kampeni. Aulize ofisi ya mifugo iliyo karibu kuhusu huduma ya kufunga uzazi, bei yake, na iwapo kuna siku za huduma ya pamoja. Baada ya upasuaji mnyama akae mahali pakavu na pasafi, asioge wala kukimbia kwa siku 10, na azuiwe kulamba mshono. Jeraha likivimba, likitoa usaha au kufunguka, au mnyama akikataa kula kwa zaidi ya siku moja, arudishwe kwa daktari.

Hitimisho

Lila Miller na wenzake waliichukua kazi ambayo wengi waliidharau, wakaifanya kuwa elimu yenye vitabu, viwango na mabingwa. Walithibitisha kwamba mnyama asiye na mwenyewe anaweza kuhudumiwa kwa kiwango kilekile cha usafi na kisayansi, na kwamba huduma ya maskini haina budi kuwa nafuu bila kuwa duni. Kwetu sisi fundisho hilo lina uzito zaidi, kwa sababu mbwa asiyechanjwa na asiye na mwenyewe huishi mtaa mmoja na mtoto anayekwenda shule kwa miguu. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa kichaa cha mbwa kinga ndiyo tiba pekee tuliyo nayo. Hospitali, ofisi ya mifugo na kaya zenye wanyama zina kazi moja, na kila upande una sehemu yake ya kuanzia.